Eti kushika mguu ni rafu?

Wadau, juzi jioni nilikuwa ufukweni hapa Mbamba Bay nawatazama vijana wawili wakipigana mieleka mchangani. Mmoja alipochoka kusukumana, akaudaka mguu wa mwenzie, akaubana kwapani na kukunja kifundo. Mwenzie akapiga mchanga kwa kiganja kusalimu amri. Halafu akaja juu: "Umecheza rafu! Mwanaume hashiki mguu!"

Nikacheka. Kelele hizo zilishapigwa Brazil zamani.

Mjapani Mitsuyo Maeda alifika huko mwaka 1914, baadaye akamfundisha Carlos Gracie mjini Belém. Ndipo ikazaliwa jiu-jitsu ya Kibrazili, na ukoo wa Gracie ukajiona ndio wenye mchezo. Lakini alikuwepo pia Oswaldo Fadda, aliyefundisha Bento Ribeiro, kitongoji cha Rio de Janeiro, hata wasio na pesa. Miaka ya 1950 vijana wake wakaenda kupambana na wa Gracie, wakawashinda kwa kubana miguu. Unadhani wakubwa walijifunza? Wapi! Wakaiita mbinu ya watu wa vitongojini. Yaani ya uswahilini...

Dharau hiyo iliwagharimu wengi, maana shambulizi usilolifanyia mazoezi huwezi kujua namna ya kulikwepa. Mwaka 2003 Mmarekani Dean Lister, mtaalamu wa miguu, akatwaa ubingwa wa uzito wa wazi wa ADCC huko huko Brazil. Hata hivyo, shirikisho la IBJJF liliruhusu kupindisha kisigino mwaka 2021 tu, tena kwa watu wazima wa mkanda wa kahawia na mweusi wasiovaa kimono.

Kisigino ndicho hatari. Kikipindishwa, goti ndilo linalokatika, na maumivu huja yamechelewa (goti langu la kushoto ni shahidi). Kificheni, pambana na mikono yake, toa goti katikati ya mapaja yake kwanza.

Kifundo ni rahisi zaidi: vuta vidole kuja kwako, sukuma mguu ndani kama anayevaa gambuti. Mkono wake utateleza kutoka kwenye kano ya kisigino hadi shavu la mguu, ambako haumi sana. Kisha inuka, mpandie juu.

Nikamwonyesha yule kijana. Raundi ya pili akadakwa tena, akasukuma mguu, akatoka, akamkalia mwenzie kifuani.

Sasa mwenzie ndiye analalamika rafu.