Sudan Kusini ikijiunga na ICC leo, mauaji ya 2013 yatafika mahakamani?

Jibu fupi ni hapana. Labda serikali ya Juba ipeleke karatasi mbili, siyo moja.

Mashirika ya haki za binadamu, likiwemo Amnesty International, yamekuwa yakiitaka Sudan Kusini ijiunge na Mkataba wa Roma, ambao ndio ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu (ICC). Wito huo una msingi. Lakini kuna suala la tarehe ndani ya mkataba ambalo likisahaulika, familia za waliouawa Juba, Bor na Bentiu zitapata mahakama isiyoweza kugusa kesi zao.

Nini kilitokea?

Vita vilizuka Juba Desemba 2013, nchi ikiwa na umri wa miaka miwili na miezi michache tu. Mzozo wa Rais Salva Kiir na Riek Machar ndani ya chama tawala uligeuka mauaji ya kikabila. Wanaume wa Kinuer waliuawa kwenye kituo cha polisi cha Gudele, Juba. Aprili 2014, mjini Bentiu, raia waliokimbilia msikitini waliuawa humo humo.

Tume ya Umoja wa Afrika iliyoongozwa na Olusegun Obasanjo ilichunguza. Ripoti yake ilitolewa hadharani Oktoba 2015, na ilisema kuna sababu za kuamini kwamba pande zote mbili zilitenda uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Utafiti wa chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine, uliotolewa 2018, ulikadiria kuwa vita hivyo vilisababisha vifo karibu 383,000. Takriban nusu yake vilitokana na mapigano na mashambulizi. Vingine vilitokana na njaa, magonjwa na kukosa matibabu.

Kwani hakuna mahakama Sudan Kusini?

Zipo, na zimewahi kutoa hukumu. Septemba 2018 mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani wanajeshi 10 kwa shambulio la Julai 2016 kwenye hoteli ya Terrain mjini Juba, ambako mwandishi wa habari aliuawa na wafanyakazi wa misaada wakabakwa. Ila hiyo ilikuwa kesi moja, tena iliyokuwa na wageni ndani yake. Kwa maelfu ya raia wa kawaida, hakuna kilichofuata.

Mkataba wa amani wa Agosti 2015 uliahidi mahakama mseto, yaani yenye majaji wa Sudan Kusini na wa nchi nyingine za Afrika, ikiundwa na Umoja wa Afrika. Ahadi hiyo ikarudiwa kwenye mkataba wa Septemba 2018. Miaka ikapita, mahakama haikuundwa.

Kisha Septemba 2025 Machar, ambaye alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, akashtakiwa Juba pamoja na wenzake saba. Mashtaka ni mauaji, uhaini na uhalifu dhidi ya ubinadamu, kuhusiana na shambulio la Machi 2025 mjini Nasir. Upande wake unayakana na kusema mahakama hiyo haina mamlaka.

Kwa hiyo maneno "uhalifu dhidi ya ubinadamu" tayari yanasomwa mahakamani Juba. Kinachokosekana ni mahakama ambayo pande zote mbili zinaweza kusimamishwa mbele yake.

Majirani wamefanya nini?

Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Kati ya nchi nane za jumuiya, nne ni wanachama wa ICC: Kenya, Uganda, Tanzania na DRC. Rwanda, Somalia na Sudan Kusini hazijajiunga. Burundi ilikuwemo, ikajitoa Oktoba 2017.

Kutoka DRC, Bosco Ntaganda alihukumiwa miaka 30 jela mwaka 2019. Kutoka Uganda, Dominic Ongwen wa LRA alihukumiwa miaka 25 mwaka 2021, na Februari 2024 majaji wakaagiza fidia ya zaidi ya euro milioni 52 kwa waathirika.

Si kila kesi imefanikiwa. Za Kenya zilizohusu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilivunjika: mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na kesi ya William Ruto ikafungwa Aprili 2016 bila hukumu. Laurent Gbagbo wa Ivory Coast aliachiwa huru mwaka 2019. Kujiunga na ICC hakumaanishi watu watafungwa. Kunamaanisha kuna mlango wa kubisha.

Sasa shida ya tarehe iko wapi?

Kanuni ya ICC ni kwamba nchi ikijiunga, mahakama inashughulikia uhalifu uliotendwa baada ya mkataba kuanza kufanya kazi kwa nchi hiyo. Unaanza siku ya kwanza ya mwezi unaofuata baada ya siku 60 kupita tangu hati ya kujiunga iwasilishwe. Hati ikifika 10 Januari, hesabu inaanza 1 Aprili. Yaliyotendwa 31 Machi na kurudi nyuma hayamo.

Maana yake, Sudan Kusini ikijiunga bila kusema kitu kingine, Gudele na Bentiu zinabaki nje.

Lakini mkataba wenyewe umeacha njia. Kifungu cha 12, aya ya 3, kinaruhusu nchi kupeleka tamko la kuikubali mahakama kwa kipindi cha nyuma. Siyo jambo geni:

Uganda: mkataba ulianza kuihusu 1 Septemba 2002, na kwa tamko ikarudisha tarehe hadi 1 Julai 2002, siku ICC ilipoanza kazi.

Ivory Coast: ilipeleka tamko 2003, miaka 10 kabla ya kuridhia mkataba.

Ukraine: ilipeleka matamko 2014 na 2015. Ilipokuja kuwa mwanachama wa 125 hapo 1 Januari 2025, tayari ICC ilikuwa imeshatoa hati ya kumkamata Vladimir Putin.

Njia nyingine ni Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kupeleka suala ICC, kama lilivyofanya kwa Darfur mwaka 2005 na Libya 2011. Kwa Sudan Kusini halijafanya hivyo, na kura moja ya turufu inatosha kuzuia.

Kwa nini viongozi wanasita?

Hoja ya kwanza: ICC inawaandama Waafrika. Kwa miaka mingi washtakiwa wake wote walikuwa Waafrika, na malalamiko hayo yalieleweka. Siku hizi orodha imebadilika. Hati zimetolewa dhidi ya Putin (2023) na Benjamin Netanyahu (2024), na rais wa zamani wa Ufilipino, Rodrigo Duterte, alikamatwa Machi 2025 akapelekwa The Hague.

Hoja ya pili: inaingilia uhuru wa nchi. Hapa mkataba uko wazi. ICC huingia pale tu nchi isipotaka au isipoweza kuendesha kesi yenyewe kwa dhati. Juba ikiunda mahakama mseto iliyoahidi na ikafanya kazi kweli, The Hague haitakuwa na sababu ya kuja.

Hoja ya tatu haisemwi hadharani: kwa ICC, cheo si kinga. Rais, waziri na jenerali wako sawa na askari wa kawaida. Na kujitoa baadaye hakufuti ya nyuma. Ufilipino ilijitoa 2019, Duterte bado akakamatwa.

Karatasi mbili ni zipi?

Ya kwanza ni hati ya kujiunga. Inapelekwa New York kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Muda wa kutia saini mkataba uliisha 31 Desemba 2000, kabla Sudan Kusini haijazaliwa, hivyo inajiunga moja kwa moja.

Ya pili ni tamko la kuikubali mahakama kuanzia Desemba 2013 au kabla ya hapo. Linapelekwa The Hague kwa Msajili wa ICC.

Karatasi ya kwanza inawalinda watakaoishi Sudan Kusini kesho. Ya pili ndiyo inayowahusu waliopoteza ndugu zao Gudele na Bentiu. Wanaoishinikiza Juba ijiunge wanapaswa kuzidai zote mbili kwa pamoja.