Bustani za Ruhleben na neno "mvivu"

Novemba 1914, miezi michache baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza, serikali ya Ujerumani iliwakamata wanaume Waingereza waliokuwa wanaishi nchini humo. Hawakuwa askari. Walikuwa mabaharia, wafanyabiashara, wanafunzi, wanamuziki, hata wachezaji wa mpira. Wakapelekwa Ruhleben, uwanja wa mbio za farasi pembeni ya Berlin. Zaidi ya watu 4,000 walilazwa kwenye mazizi, wengine watu sita katika chumba cha farasi mmoja. Wengi walifikiri ni jambo la muda mfupi tu. Lakini kambi ikaendelea mpaka Novemba 1918.

Sisi tunaoishi kambini hiyo habari ya "muda mfupi" tunaijua.

Daktari mmoja wa Uswisi, Adolf Lukas Vischer, alitembelea kambi za wafungwa wa vita ile. Mwaka 1918 alitoa kitabu kuhusu hali aliyoikuta, akaiita ugonjwa wa seng'enge. Mtu anakasirika kwa jambo dogo. Anashindwa kutuliza akili asome. Anasahau. Kazi aliyoipenda inamchosha kabla hajaianza. Vischer alitaja sababu: kufungiwa, kukosa faragha, na zaidi, kutojua lini itaisha. Mfungwa wa jela anahesabu siku zake. Mtu wa kambini atahesabu nini?

Sasa fikiria kijana aliyelima mchicha kwenye magunia msimu mzima, kisha akaacha. Udongo umekauka, yeye anashinda ndani. Majirani wanasema mvivu. Wafanyakazi wa mashirika wanaandika "hana mwamko". Mimi nafanya kazi na vijana na maneno hayo nayasikia kila wiki. Lakini huyu si mvivu. Mvivu hakubeba maji ya kumwagilia miezi yote ile.

Wale wa Ruhleben walifanyaje? Mwaka 1916, wakiwa wameshakaa karibu miaka miwili, waliunda chama cha bustani. Wakaandika barua kwa Royal Horticultural Society, chama kikubwa cha bustani cha Uingereza, nacho kikawapokea na kuwatumia mbegu. Walipanda maua kati ya mabanda. Mwaka 1917, chakula kikiwa shida Ujerumani nzima, walipata ruhusa ya kulima mboga sehemu ya katikati ya uwanja. Walifanya pia maonyesho yenye mashindano na zawadi.

Bustani haikuwaambia watatoka lini. Ila iliwapa tarehe nyingine: siku ya kusia mbegu, siku ya kuhamisha miche, siku ya kuvuna, siku ya maonyesho ambapo mwenzako anakuja kutazama ulichokuza. Kwangu mimi, hapo ndo kuna dawa. Ukishaumwa na kutojua lini, unahitaji "lini" ndogo ambayo kweli inafika.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeweka jembe chini, pumzika kwanza, wala usione aibu. Ukirudi, usianze na magunia kumi. Anza na moja. Panda mchicha, maana ndani ya wiki tatu au nne unachuma, usianze na mparachichi. Andika tarehe ya kupanda kwenye gunia, na umtafute mwenzako wa kupokezana naye maji.

Nanyi dada na kaka wa mashirika, mnaleta mbegu, asanteni. Lakini siku ya kugawa mnakuja na kamera, siku ya kuchuma hatuwaoni. Na mradi ukifungwa katikati ya msimu bila taarifa, mnaondoka na zile tarehe zetu pia. Mkishindwa kuongeza mbegu, tuambieni mapema mradi unaisha lini, halafu njooni siku ya mavuno. Mboga zitakuwepo.