Kichocho

Mtu wa Pemba au Unguja akitajiwa kichocho, dhana yake huenda moja kwa moja kwenye mkojo wenye damu, wala hakosei, kwa kuwa minyoo iletayo ugonjwa huo huko, ambayo tabibu Mjerumani Theodor Bilharz aliigundua mjini Kairo mwaka 1851, hukaa katika mishipa iliyokizunguka kibofu. Lakini neno hilohilo, likisafiri kutoka pwani hadi Bunia, mkoani Ituri nchini Kongo, huhama makao: wavuvi wa Kasenyi na Tchomia, kandoni mwa Ziwa Albert, aghalabu hupatwa na aina nyingine, ambayo wataalamu huiita mansoni, ishikayo matumbo na ini, na mayai yake hutoka kwa haja kubwa. Basi muuguzi wa Ituri amwulizaye mgonjwa habari za mkojo tu, kisha akaridhika, huenda akamwacha na maradhi yake. Ilhali mwenye kukojoa damu hapo Bunia yapasa achunguzwe pia mawe ya figo na uambukizo wa kibofu. (Dawa ya aina zote mbili, alhamdulillahi, ni moja: prazikwanteli.) Kamusi zetu na zitenganishe kichocho cha kibofu na kichocho cha matumbo.