Stata ya Land Cruiser ya dizeli: hitilafu na matengenezo

Stata ni mota inayotumia umeme wa betri kuzungusha injini mpaka injini hiyo iweze kujiendesha yenyewe. Makala hii inahusu stata ya Toyota Land Cruiser za Series 70 zenye injini ya dizeli ya 1HZ, magari yanayofahamika sana Tanzania kwa jina la mkonga, ambayo stata zake huchakaa taratibu kwa namna inayotambulika mapema na yeyote anayesikiliza gari lake. Stata nyingi zinazohukumiwa kuwa zimekufa huwa na mota nzima kabisa, na ubovu wake hukaa katika vipande viwili vya shaba au katika waya unaozilisha umeme.

Historia

Magari ya mwanzo yaliwashwa kwa kuzungushwa hendeli mbele ya injini, kazi nzito iliyovunja mikono ya watu pale injini iliporudisha pigo. Mhandisi Charles Kettering wa Dayton, Ohio, Marekani, alibuni stata ya umeme iliyofungwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Stata za Land Cruiser zilitengenezwa na Nippondenso, kampuni iliyojitenga na Toyota mwaka 1949 na kuitwa Denso kuanzia 1996. Series 70 ilitoka mwaka 1984, na injini ya 1HZ ikafuata mwaka 1990.

Muundo na utendaji

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche, bali mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda. Katika 1HZ, injini ya silinda sita yenye ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, hewa hushindiliwa kwa uwiano wa zaidi ya 22 kwa 1, na kwa sababu hiyo stata yake haina budi kuwa na nguvu kuliko ile ya gari la petroli la ukubwa uleule. Haitoshi injini izunguke tu. Sharti izunguke kwa kasi, kwa kuwa hewa inayoshindiliwa polepole hupoteza joto kwenye kuta za silinda, na mafuta hayawaki hata kama pampu na nozeli ni nzima.

Stata yenyewe ni ya aina ya gia za kupunguza mwendo. Amecha, yaani mhimili uliosukiwa nyaya za shaba, huzunguka kwa kasi kubwa, nayo gia iliyo katikati huigeuza kasi hiyo kuwa nguvu kabla ya kuifikisha kwenye pinioni, ambayo ni gia ndogo inayochomoza na kung'ata meno ya flaiwili, gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini. Nyuma ya pinioni pana klachi ya njia moja inayoiacha izunguke huru mara injini inapowaka, ili flaiwili isiirushe amecha kwa kasi ya kuiharibu. Umeme huingia kwenye amecha kwa kupitia brashi za kaboni zinazosugua komuteta, yaani pete ya vipande vya shaba iliyo mwishoni mwa amecha.

Kiungo kinachostahili maelezo marefu zaidi ni solenoidi, swichi ya sumaku yenye kazi mbili: kusukuma pinioni kuelekea flaiwili, na kufungulia mota umeme mkubwa wa betri. Waya mnene wa betri hufungwa kwenye terminali namba 30, nao waya mwembamba kutoka swichi ya ufunguo hufika kwenye terminali namba 50 na kulisha koili mbili, moja ya kuvuta na nyingine ya kushikilia. Koili hizo zikipata umeme huvuta chuma kinachoteleza katikati yake, na kisahani cha shaba kilicho juu ya chuma hicho hugusa vipande viwili vya shaba vilivyokaa kimya muda wote. Hapo mamia ya ampea hupita kwa mkupuo. Kila mguso hutoa cheche, na kila cheche hula shaba kidogo. Baada ya miaka ya kazi kipande kimoja, mara nyingi kabla ya mwenzake, huwa chembamba kiasi kwamba kisahani hakikifikii sawasawa.

Dalili na uchunguzi

Dalili mashuhuri ya vipande vilivyolika ni mlio mmoja wa "tak" unaosikika ufunguo unapozungushwa, bila injini kusogea, huku taa za mbele zikibaki na mwanga wake. Dereva akirudia mara kadhaa, kisahani hupata sehemu yenye shaba na gari huwaka vizuri kana kwamba halikuwa na tatizo. Wengi hulichukulia hilo kuwa ni ukaidi wa gari na kuahirisha matengenezo, mpaka siku ambayo marudio hayasaidii.

Taa ni kipimo cha kwanza na hakina gharama. Zikififia sana wakati wa kupiga stata, umeme unavutwa lakini hautoshi au unakwama, na hapo mashaka huelekezwa kwenye betri, kwenye vichwa vya betri vilivyoota unga mweupe au wa kijani, au kwenye mota iliyokaza. Milio mingi ya harakaharaka humaanisha betri dhaifu, kwa kuwa koili ya kushikilia hukosa nguvu, huachia, kisha huvuta tena. Stata ikivuma kwa kasi bila injini kuzunguka, klachi ya njia moja inateleza au meno ya pinioni na ya flaiwili yameisha. Ikizungusha kwa uzito wakati betri ni nzima, brashi zimekwisha, beringi zimelegea na amecha inakwaruza kuta, au waya wa ethi unaounganisha injini na chesi umeoza.

Mita ya volti huondoa ubishi. Betri iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6, na wakati stata inapofanya kazi katika hali ya hewa ya joto haipaswi kushuka chini ya 9.6. Volti zinazopotea kati ya nguzo chanya ya betri na terminali namba 30 zikizidi nusu volti, waya au viungio vyake vina kasoro. Terminali namba 50 huhitaji angalau volti 8. Zikipungua, solenoidi hulaumiwa bure ilhali mkosaji ni swichi ya ufunguo iliyochakaa, kasoro ambayo mafundi umeme hodari huimaliza kwa kuongeza rilei inayopeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye terminali hiyo.

Fundi sharti pia ajue gari linatumia volti ngapi, kwani baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la Japani huwashwa kwa volti 24. Stata ya volti 12 ikifungwa humo huungua.

Njia za dharura

Gari lenye gia za mkono huweza kusukumwa au kuachiwa mteremkoni, ufunguo ukiwa umewashwa, gia ya pili ikiwa imeingizwa na klachi ikiachiwa kwa ghafla mwendo unapopatikana. Ufunguo hauwezi kuachwa ukiwa umezimwa, kwa sababu pampu ya mafuta ya 1HZ ina vali ya umeme inayokata dizeli pasipo umeme. Kwa kuwa gari huweza kuwashwa kwa mteremko, madereva wa safari za mbali huegesha kwenye mwinuko na kuepuka kuzima injini porini.

Kugonga stata kwa spana huweza kuamsha brashi zilizokwama, lakini kugonga kwa nguvu huvunja zaidi ya kutengeneza. Kuunganisha terminali namba 30 na 50 kwa bisibisi huipita swichi ya ufunguo na huonyesha papo hapo kama solenoidi ni nzima. Hata hivyo njia hii ni ya hatari, kwani gari lililoachwa kwenye gia huruka mbele na kumkanyaga aliye chini yake. Stata isizungushwe mfululizo kwa zaidi ya sekunde 10 hivi bila kupumzishwa. Ikiendelea kuzunguka baada ya ufunguo kurudishwa, kisahani kimegandana na vipande vya shaba kwa moto, na waya wa betri hauna budi kufunguliwa mara moja.

Matengenezo

Baada ya waya hasi wa betri kufunguliwa, stata hushushwa na kifuniko cha solenoidi hufunguliwa kwa skrubu chache. Vipande vipya vya shaba pamoja na kisahani ni vitu vidogo vya bei nafuu ukilinganisha na stata nzima, na kubadilisha vyote kwa pamoja ni bora kuliko kuvigeuza au kuvipiga msasa, ufundi wa kubahatisha unaorudisha tatizo baada ya muda mfupi. Wakati huohuo brashi hukaguliwa, komuteta husafishwa, na beringi zenye kelele hubadilishwa. Amecha iliyoungua husukwa upya. Tope na maji ya mitoni, ambayo magari haya huvuka kila mara, huingia kupitia mpira wa kifuniko uliokakamaa, kwa hiyo mpira huo nao hubadilishwa.

Spea

Spea hupatikana Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam, Kirinyaga Road, Nairobi, na soko la Kisekka, Kampala. Bandia ni nyingi.

Hali ya sasa

Australia iliachana na 1HZ mwaka 2007, lakini injini hiyo imeendelea kuuzwa Afrika, ikiwemo katika magari ya mashirika ya misaada yanayosambazwa na Toyota Gibraltar Stockholdings.