Siku tatu ku Avignon: namna ya kuona michezo mingi ya teatre katika safari fupi

Kila mwaka, katika mwezi wa saba, muji wa Avignon, kusini mwa inchi ya Ufaransa, unageuka kuwa teatre moja kubwa. Makanisa ya zamani, vyumba vya masomo, magaraji na viwanja vya ndani ya nyumba vinawekwa viti na taa. Kwa wiki tatu hivi, michezo zaidi ya 1500 inachezwa kuanzia asubuhi mupaka usiku kati. Hakuna mutu anaweza kuiona yote, hata akiacha kulala. Na wageni wengi hawana wiki tatu: wanakuja kwa siku tatu ao ine, kisha wanapanda treni na kurudia kwao.

Swali lao ni hili: namna gani kuona mengi katika siku chache, na kurudia nyumbani na kitu ndani ya kichwa, hapana karatasi za bileti tu mukononi? Swali hilo linagusa pia wasanii wa kwetu. Wamoja wamekwisha kucheza kule, na wengine wanaalikwa Ulaya kwa siku za kuhesabika.

Festival mbili ndani ya muji moja

Kitu cha kwanza cha kuelewa: ku Avignon kuna festival mbili zinazofanyika wakati moja.

Ya kwanza ni Festival d'Avignon yenyewe, ile watu wanaita "In". Ilianzishwa na Jean Vilar katika mwezi wa kenda wa mwaka 1947, vita ya pili ya dunia ikiwa imeisha kwa miaka mbili tu. Wakati ule, michezo ilikuwa mitatu. Moja ilikuwa Richard II ya Shakespeare, nayo ilichezwa ndani ya kiwanja kikubwa cha jumba la Mapapa, walioishi Avignon katika karne ya 14. Mupaka leo kiwanja hicho, chenye viti karibu 2000, ndicho moyo wa festival. Katika In, ni wakubwa wa festival wanaochagua wasanii na kuwaalika. Michezo yake ni karibu 40 kwa mwaka.

Ya pili ni "Off". Ilianza mwaka 1966, wakati André Benedetto, mwandishi na kiongozi wa teatre ya palepale Avignon, alicheza kazi yake nje ya programu ya Vilar. Hakuna aliyemualika. Wengine wakafuata mufano wake, na mupaka leo Off haichagui: kundi lolote linaloweza kupata chumba na kukilipa linaweza kuja kucheza. Ndiyo maana ndani yake kuna kila kitu: Molière na vichekesho, dansi na sarakasi, mutu moja anayesimulia maisha yake, watoto wanaochekeshwa na vikaragosi. Kuna kazi nzuri sana na kuna kazi dhaifu. Mutazamaji ndiye anachambua.

Sababu gani inawezekana

Kuna miji mikubwa kuliko Avignon yenye teatre nyingi. Lakini ku Paris ao London, mutu mara nyingi anaona muchezo moja kwa siku, usiku. Avignon inamuruhusu kuona ine. Sababu ni tatu.

Ya kwanza ni udogo wa muji. Sehemu ya zamani imezungukwa na ukuta wa mawe wa kilometa 4 na kidogo. Kutoka stesheni ya treni ya katikati ya muji mupaka jumba la Mapapa, mutu anatembea kwa miguu dakika 15 hivi. Hakuna lazima ya taksi.

Ya pili ni masaa. Michezo ya Off inaanza saa 4 ya asubuhi (10:00), wakati ingine hata mbele ya pale, na inaendelea mupaka saa 5 ya usiku (23:00).

Ya tatu ni namna vyumba vinavyotumiwa. Chumba kimoja kinapokea makundi sita ao saba kwa siku moja, moja kisha lingine. Kila kundi lina saa yake. Likimaliza, linatoa vyombo vyake vyote mbio mbio, na kundi linalofuata linaingiza vyake. Kwa hiyo michezo mingi ya Off ni mifupi, inachukua saa moja ao saa moja na robo, na inaanza kwa saa iliyoandikwa. Mutu akifika dakika tano nyuma, anakuta mulango umefungwa. Bileti yake haimusaidie tena, na mara nyingi pesa hairudishwi.

Hesabu ya siku moja

Watu waliozoea Avignon wanapanga siku yao sawa vile mama wa soko anapanga bidhaa zake: kizito chini, chepesi juu. Siku nzuri inaweza kuwa hivi.

Muchezo wa kwanza saa 4 na nusu ya asubuhi (10:30), wakati kichwa kiko kipya. Hapo ndipo mahali pa maandiko magumu, yale yanayoomba mutu asikilize sana. Wa pili saa 7 na nusu ya muchana (13:30). Kisha kupumzika kwa masaa mengi, juu mwezi wa saba kule una joto kali, na mawe ya muji yanazidisha lile joto. Wa tatu saa 12 ya magaribi (18:00). Wa ine ni wa usiku, na kama ni wa In ndani ya kiwanja cha wazi, utaanza kisha giza kuingia. Katika wakati huo wa mwaka, jua la kule linazama kisha saa 3 ya usiku.

Kati ya muchezo na muchezo, hesabu salama ni saa moja kutoka mwisho wa ule mupaka mwanzo wa huu. Ndani ya hiyo saa kuna kutoka ndani ya chumba, kutembea, kutafuta mulango ndani ya vichochoro, kunywa maji, na kufika robo saa mbele. Watu wanaokosa bileti zao mara nyingi ni wale waliohesabu dakika 20.

Kwa mupango huo, mutu mwenye siku tatu kamili anaona michezo 10 ao 12. Wako wanaofika sita kwa siku moja. Lakini waulize kisha wiki moja: watachanganya mufalme wa muchezo wa asubuhi na mulevi wa muchezo wa usiku. Muchezo wa tano mara nyingi mutu anauona na macho yamefunguka, akili ikiwa imelala.

Kuna pia siku za kupumzika. Kila kundi la Off lina siku moja kwa wiki ambapo halichezi, na siku hiyo si moja kwa wote. Mwenye siku tatu anapaswa kuangalia hilo mbele ya kununua bileti ya treni, juu anaweza kukuta ule muchezo aliokuja kuona umepumzika.

Bileti na makuta

Bileti za In zinauzwa miezi mbele, na zile za kiwanja cha Mapapa zinaisha haraka. Lakini hata kama wameandika kwamba viti vimeisha, watu wengine wanarudisha bileti siku ya mwisho. Kusimama mbele ya mulango na kuuliza kwa heshima si haya kule. Wengi wameingia kwa njia hiyo.

Kwa Off, kuna karte ambayo mutazamaji ananunua mara moja, na inamupunguzia bei karibu asilimia 30 kwa kila muchezo. Mutu anayeona miwili tu, labda haimusaidie sana. Anayeona kumi, inajilipa yenyewe haraka.

Gharama kubwa si bileti. Ni kulala. Katika mwezi huo, bei ya vyumba ndani ya ukuta inapanda sana. Wenye makuta kidogo wanalala upande ule mwingine wa muto Rhône, ao katika miji ya karibu inayofikwa kwa treni. Lakini wanapaswa kujua saa ya treni ya mwisho, juu muchezo wa usiku haungojee treni.

Nyuma ya kila kiti kuna deni

Mugeni anayetembea ndani ya Avignon anakuta maelfu ya matangazo yamefungwa kwa kamba juu ya nguzo na madirisha. Kila hatua kuna mutu amevaa nguo za muchezo, anamupatia karatasi na kumueleza kwa dakika moja kazi yao. Kwa mara ya kwanza inaweza kuchokesha. Lakini ni muzuri kujua nani anasimama pale.

Mara nyingi ni mwigizaji mwenyewe. Kundi lake limelipa chumba kwa ile saa yao ya kila siku, na bei inaweza kufika maelfu ya euro. Limelipa pia safari, kulala, matangazo. Pesa ya bileti peke yake mara nyingi hairudishe hayo yote. Tumaini lao ni lingine: kwamba kati ya watu waliokaa pale gizani kuna mukubwa wa teatre fulani, atakayependa kazi na kuinunua ili ichezwe katika muji wake wakati wa baridi. Akija moja wa namna hiyo, kundi limepata kazi ya mwaka muzima. Asipokuja, linarudia nyumbani na deni.

Kwa hiyo uchaguzi wa mutazamaji si jambo la raha yake peke yake. Chumba chenye watu watatu kinaua nguvu ya wachezaji, na kinatoa sura mbaya mbele ya yule mununuzi. Mutu anayepanga siku yake vizuri anaweza kuacha nafasi moja tupu kila siku, ambayo haijanunuliwa mbele. Ile nafasi anampatia mutu aliyemueleza vizuri ndani ya njia. Watazamaji wa siku nyingi wanasema mara kwa mara kwamba muchezo wanaoukumbuka zaidi ulikuwa ule ambao hawakupanga.

Wasanii wa Congo ku Avignon

Faustin Linyekula, muchezaji dansi na mutunzi wa Kisangani, mwenye kuongoza Studios Kabako, amealikwa katika In mara nyingi. Mwaka 2007 alipeleka kule kazi yake Dinozord. Mwaka 2019 alirudia na Histoire(s) du théâtre II, kazi inayozungumuzia Ballet national du Zaïre na muchezo wao wa 1974 juu ya Lianja, shujaa wa hadisi za Wamongo. Watu waliokuwa vijana ndani ya ile ballet walisimama tena mbele ya watazamaji, wakiwa wazee.

Kutoka ngambo ingine ya muto Congo, Dieudonné Niangouna wa Brazzaville alikuwa mwaka 2013 moja wa wasanii wawili ambao In iliwaita wasimame nayo kwa kupanga festival. Kazi yake Shéda ilichezwa Boulbon, ndani ya shimo kubwa la zamani la kuchimba mawe, kilometa karibu 15 nje ya muji.

Wakati moja murefu unashinda kumi mifupi

Boulbon inakumbusha jambo lingine. Ni pale, mwaka 1985, Peter Brook alicheza Mahabharata, hadisi kubwa ya Wahindi, kwa masaa kenda. Watu walikaa usiku kucha na wakaona jua likitoka juu ya mawe. Mwaka 2014, Thomas Jolly alicheza Henry VI ya Shakespeare kwa masaa 18, pamoja na mapumziko yake.

Mutu mwenye siku tatu akitumia moja yote kwa muchezo wa namna hiyo, hesabu yake ya michezo inaanguka. Lakini waliokuwa Boulbon katika 1985 bado wanaeleza ule usiku.

Kurudia na kitu

Desturi moja ndogo inasaidia sana: daftari. Kisha kila muchezo, mbele ya kwenda kwa mwingine, mutu anaandika mistari mitatu: nani alikuwa pale, kitu gani kilifanyika, na sura moja isiyotoka ndani ya macho. Inachukua dakika tano. Bila hiyo, michezo kumi inakuwa supu moja. Kwa musanii aliyetumwa na kundi lake, ile daftari ndiyo zawadi atakayopeleka nyumbani, juu wenzake hawakupata visa ao bileti ya ndege, na wanangojea kusikia.

Namna hiyo ya kupanga inafaa pia karibu na kwetu. Kigali ina festival Ubumuntu, iliyoanzishwa na Hope Azeda mwaka 2015, nayo inafanyika katika mwezi wa saba. Kampala ina festival yake ya teatre ya kimataifa mwishoni mwa mwaka. Ni ndogo kuliko Avignon, na ndiyo faida yake: kwa siku tatu, mutu anaweza kuona sehemu kubwa ya programu, kisha akazungumuza na waigizaji wenyewe.

Hata kama ni wapi, hesabu inabaki ileile: michezo mitatu ao ine kwa siku, nafasi moja tupu, maji ya kutosha, na kufika robo saa mbele ya mulango kufungwa.