Jinsi Taichi Ilivyotoka Vitani Ikaingia Bustanini

Mwaka 1559 jemadari Qi Jiguang wa nasaba ya Ming alikwenda Yiwu, mkoani Zhejiang, kuandikisha askari wapya. Pwani ya mashariki ya China ilikuwa ikiporwa na maharamia, na wanajeshi aliokuwa nao walikuwa wepesi wa kukimbia kuliko kupigana. Akawachukua wakulima na wachimba madini, watu waliozoea kazi ngumu lakini wasiojua vita vya kupangana safu, akaanza kuwafundisha. Mafunzo hayo aliyaandika kitabuni, na humo akaweka sura nzima ya mapigano ya mikono mitupu, yenye mikao 32.

Maneno aliyoitangulizia sura hiyo ndiyo yenye uzito. Qi alikiri kwamba ngumi na mateke havina kazi kubwa katika uwanja wa vita, mahali ambapo mkuki na upanga ndivyo vinavyoamua. Faida yake, alieleza, ni kuuzoesha mwili kazi, kulainisha viungo na kumpa mwanafunzi msingi kabla hajakabidhiwa silaha. Mtu aliyeishi kwa vita alikwisha kuona, zaidi ya karne nne zilizopita, kwamba mazoezi ya kupigana humjenga anayeyafanya hata kama hatapigana kamwe. Nalisisitiza hili kwa sababu husemwa mara nyingi kwamba sanaa za mapigano za Kichina zilikuwa za kuua tu, hadi watu wa zama hizi walipozilegeza zikawa mazoezi ya wazee. Historia ya taichi, mashuhuri kuliko zote katika upande wa afya, haikwenda hivyo.

Chimbuko lake linalokubaliwa na wanahistoria wengi ni kijiji cha Chenjiagou, wilaya ya Wen, mkoani Henan. Huko aliishi Chen Wangting, askari wa zama za mwisho za Ming. Nasaba hiyo ilipoanguka mwaka 1644, alikuwa mtu mzima aliyebaki bila serikali ya kuitumikia. Anasifiwa kwa kuunganisha mapigano aliyoyajua na mazoezi ya kale ya pumzi na viungo yaliyofanywa na wafuasi wa dini ya Tao, pamoja na nadharia za waganga wa Kichina. Hadithi inayopendwa zaidi humtaja mwanzilishi mwingine, mtawa Zhang Sanfeng wa milima ya Wudang, anayesemekana kuibuni sanaa hii baada ya kumwona nyoka akipambana na ndege. Mwanahistoria Tang Hao alifika Chenjiagou mwanzoni mwa miaka ya 1930, akachunguza kumbukumbu za ukoo na kulinganisha mikao ya kijiji na michoro ya Qi Jiguang. Mingi aliikuta ileile. Wafuasi wa hadithi ya mtawa hawakumfurahia, lakini hoja zake zimesimama hadi leo.

Kwa vizazi kadhaa ukoo wa Chen uliifundisha sanaa hiyo ndani ya kijiji. Aliyeitoa nje ni Yang Luchan, aliyezaliwa Yongnian, mkoani Hebei, mwaka 1799. Hakuwa wa ukoo ule. Simulizi zinasema aliiba ujuzi kwa kuchungulia mazoezi ya usiku. Ukweli usiobishaniwa ni kwamba alikaa miaka mingi chini ya mwalimu Chen Changxing, akakubaliwa kuwa mwanafunzi wake, na katikati ya karne ya 19 akaenda Beijing. Huko aliwafundisha makabaila wa Kimanchu na walinzi wa kasri, akapewa jina la Yang Asiye na Mpinzani. Kufikia hapo taichi ilikuwa bado kazi ya ulinzi. Mwalimu aliyeshindwa mbele ya watu alipoteza wanafunzi, na pamoja nao riziki.

Kisha ukaja mwaka 1900. Wanamgambo ambao Wazungu waliwaita Mabondia, wengi wao vijana wa mashambani kaskazini mwa China, waliinuka dhidi ya wageni na wamisionari. Waliamini kwamba mazoezi ya ngumi na matambiko yangeikinga miili yao dhidi ya risasi. Msomaji wa Afrika Mashariki hatakosa kuikumbuka Maji Maji, iliyozuka miaka mitano tu baadaye. Majeshi ya mataifa manane yaliingia Beijing mwezi Agosti mwaka huo, na waliokufa hawakuhesabika. Baada ya hapo, kwa wasomi wengi wa Kichina, sanaa za mapigano zilinuka ushirikina na aibu. China yenyewe ilikuwa ikiitwa mgonjwa wa Asia ya Mashariki, na jina hilo liliwachoma.

Hapo ndipo afya ilipochukua usukani, tena kwa sababu za kisiasa. Mwaka 1910 ilianzishwa Shanghai jumuiya ya Jingwu, ikimtumia Huo Yuanjia, mpiganaji maarufu kutoka eneo la Tianjin, kama uso wake. Huo alifariki miezi michache baadaye, lakini jumuiya ilikua ikavuka bahari hadi kwa Wachina wa Singapore na Malaya. Ilifanya mambo ambayo walimu wa kale wasingeyafikiria: ilifundisha mitindo mingi chini ya paa moja, ilichapisha vitabu vyenye picha, na ilipokea wanawake. Beijing nako, mwaka 1912, Xu Yusheng alifungua taasisi ya elimu ya viungo, akawaajiri wajukuu wa Yang Luchan. Miaka mitano baadaye kijana mmoja wa Hunan aliandika katika jarida la Vijana Wapya kwamba taifa limedhoofika kwa kuwa watu hawafanyi mazoezi ya mwili. Alikuwa Mao Zedong. Serikali ya Nanjing, iliyokuja kuwa adui yake, iliwaza vivyo hivyo: mwaka 1928 ikaanzisha taasisi kuu ya sanaa za mapigano za kitaifa.

Mwaka huohuo Yang Chengfu, mjukuu wa Yang Luchan, alihamia Shanghai. Kama kuna mtu mmoja aliyeipa taichi sura tunayoijua, ni yeye. Wanafunzi wake hawakuwa tena walinzi wa kasri. Walikuwa wafanyabiashara, makarani, wasomi, watu waliokaa vitini kutwa nzima na wengine waliokuja wakikohoa. Akaondoa miruko, vishindo vya miguu na mapigo ya ghafla, akaufanya mwendo kuwa wa polepole na wa kasi moja toka mwanzo hadi mwisho. Mmoja wa wanafunzi wake, Zheng Manqing, alikuwa mchoraji na tabibu aliyeugua kifua kikuu. Aliona afya yake ikirudi kwa mazoezi hayo, na mwaka 1964 akayapeleka New York.

Lakini Yang Chengfu hakuacha kufundisha kusukumana mikono, na hapa ndipo kiini cha jambo zima. Katika zoezi hili watu wawili husimama wakitazamana, mikono ikigusana. Mmoja anasukuma, mwenzake hapingi kwa nguvu. Anaipokea, anageuza kiuno, anaiacha ipite, kisha anamrudishia pale aliyesukuma anapokuwa amepoteza mizani. Mwendo wa polepole unaofanywa peke yako unakufundisha kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine bila kuyumba. Mwenzako ndiye anayekuonyesha kama kweli umejifunza.

Tarehe 17 Januari 1954 sanaa hiyo iliwekwa kwenye mizani hadharani. Moto mkubwa wa Krismasi ulikuwa umeteketeza makazi ya Shek Kip Mei, Hong Kong, na kuwaacha watu zaidi ya 50,000 bila makao. Ili kuwachangia, Wu Gongyi, mkuu wa shule ya taichi ya ukoo wa Wu aliyekuwa na zaidi ya miaka 50, alipanda ulingoni Macau dhidi ya Chan Hak-fu wa mtindo wa Korongo Mweupe, kijana kwake kwa miaka mingi. Filamu ya pambano hilo ipo. Ngumi zinarushwa ovyo, pua ya Chan inatoka damu, na waamuzi wanalisimamisha katika raundi ya pili bila kumtangaza mshindi. Anayetarajia uzuri wa mikao hataupata. Hata hivyo msisimko ulikuwa mkubwa kiasi kwamba siku tatu baadaye gazeti moja la Hong Kong lilianza kuchapisha riwaya ya mapigano ya Liang Yusheng. Kutoka kwenye wimbi hilo ulizaliwa uandishi mpya wa hadithi za wapiganaji, na baadaye filamu za Hong Kong zilizojaza kumbi za sinema na vibanda vya video kwetu, Bruce Lee akiwa mbele.

China Bara ilishika njia nyingine. Mwaka 1956 kamisheni ya michezo ya serikali iliukata mfululizo mrefu wa Yang Chengfu ukabaki na mikao 24, unaokamilika kwa dakika tano au sita, ili kila mfanyakazi aweze kuujifunza. Mpinzani hakuwamo. Miaka kumi baadaye Mapinduzi ya Utamaduni yaliwadhalilisha walimu wengi wa kale, na mazoezi ya bustanini, yasiyotisha mtu, ndiyo yaliyosalimika kwa urahisi. Mikao hiyo 24 sasa huenda ndiyo inayofanywa na watu wengi kuliko mfululizo mwingine wowote wa taichi.

Kwa upande wa afya, ahadi imetimia kwa kiasi ambacho Qi Jiguang asingeweza kukipima. Utafiti uliofanyika Atlanta na kuchapishwa mwaka 1996 uliwachukua watu 200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi; waliofundishwa taichi kwa majuma 15 walipunguza hatari ya kuanguka mara kwa mara kwa asilimia 47.5. Mwaka 2012 watafiti wa Oregon waliwapima wagonjwa 195 wa Parkinson kwa majuma 24, na kundi la taichi likawa na mizani bora na likaanguka mara chache kuliko lililofanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Kwa mzee ambaye kuvunjika nyonga kunaweza kummaliza, kubaki wima ni kujihami, na mshambuliaji anayemkabili kila siku ni sakafu yenye maji au ngazi isiyo na taa.

Upande wa mapigano haukupata bahati hiyo. Mwezi Aprili 2017, mjini Chengdu, mpiganaji wa mapigano mchanganyiko Xu Xiaodong alikutana na Wei Lei, aliyejitangaza kuwa bingwa wa taichi. Pambano liliisha chini ya nusu dakika, Wei akiwa chini. Wengi walitamka kwamba taichi ni uongo mtupu. Mimi nasoma jambo jingine: hakuna mwili unaojifunza kukabiliana na ngumi kwa kukwepa kugongwa miaka yote. Yang Luchan hakulipata jina lake kwa kucheza mikao peke yake uani.

Taichi iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika Desemba 2020, na wushu, jina la jumla la sanaa hizi, imekubaliwa katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar, ya kwanza kufanyika Afrika. Walimu watazidi kuonekana katika miji yetu pia. Anayetaka kujiunga, awe anatafuta dawa ya magoti au namna ya kujilinda, na amuulize mwalimu swali moja kabla ya kulipa ada: darasani kwako watu husukumana mikono? Jibu likiwa hapana, huenda mapafu na magoti yakafaidika, lakini mizani yake haitakuwa imejaribiwa na mtu yeyote.