Shamba la Bibi na Hifadhi ya Taifa: Fikra za Wananchi juu ya Mbuga za Wanyama

Anayetaka kujua fikra za watu juu ya jambo fulani aghalabu huenda kuwauliza. Lakini iko njia nyingine, nayo ni kusikiliza majina wanayoliita jambo hilo wanapozungumza wao kwa wao. Sheria hutungwa na wachache ikaandikwa katika Gazeti la Serikali. Jina hutungwa na wengi, wala hapana awezaye kulifuta kwa amri. Katika makala haya nakusudia kueleza historia ya mbuga zetu za wanyama kwa kufuata majina ambayo wananchi wamezipa mbuga hizo, wanyama waliomo na watu wanaozilinda. Majina hayo yanatufundisha jambo moja kubwa: mwananchi hulinda kile anachokiita chake, naye hakiiti chake mpaka ameshauriwa juu yake na amekiona kwa macho yake.

Tuanze kabla ya ukoloni. Kila kabila lilikuwa na taratibu zake juu ya wanyama. Koo za Wahaya zilikuwa na miiko iitwayo omuziro, ambayo ilimkataza mtu wa ukoo kumla mnyama wa ukoo wake. Waikoma, jirani wa Serengeti, wanayaheshimu mpaka leo meno mawili ya tembo yaitwayo Machaba, ambayo ni amana ya kabila zima. Mwindaji mashuhuri aliitwa msasi, nalo lilikuwa jina la sifa: msasi alijua nyayo, dawa, majira ya mwaka na mipaka aliyowekewa na wazee.

Hata hivyo si haki kuwapamba wazee wetu kupita kiasi. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilitoka Tabora na Ujiji ikaelekea Bagamoyo, na wenyeji walishirikiana na wafanyabiashara wa pwani katika kuwaua tembo kwa maelfu. Miiko haikuweza kushindana na bunduki na bei ya pembe. Basi tusiseme kwamba uharibifu uliletwa na wageni peke yao. Walicholeta wakoloni ni kitu kingine: walimwondoa mwenyeji katika baraza la kuamua.

Mwaka 1896 Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kuwinda kwa kibali, na maeneo ya kwanza ya kuwatunzia wanyama yakatengwa. Waingereza nao walipotawala wakatunga sheria yao ya mwaka 1921. Msasi asiye na kibali akawa mhalifu, na baadaye likamkaa jina la jangili. Mtu yule yule, upinde ule ule, na kitoweo kile kile cha watoto wake. Kilichobadilika ni jina. Huko vijijini, afisa wa wanyama naye akapewa jina lake: Bwana Nyama. Afisa huyo ndiye aliyekuja na bunduki kumpiga tembo aliyevamia shamba, na ndiye aliyemkamata mwanakijiji aliyempiga tembo huyo huyo bila ruhusa. Katika jina hilo mna mzaha, lakini pia mna fikra: nyama ina bwana wake, na bwana huyo si mimi.

Jina lililo mashuhuri zaidi ni Shamba la Bibi. Mwaka 1905, mwaka ule ule vilipoanza Vita vya Maji Maji, Wajerumani walitenga eneo la kuwatunzia wanyama upande wa Rufiji. Watu wakasimuliana kwamba Kaisari wa Ujerumani amempa mkewe eneo hilo kama zawadi. Mwaka 1922 Waingereza walilipa pori hilo jina la Selous, kwa kumkumbuka mwindaji wao Frederick Selous, aliyeuawa vitani huko Beho Beho mwaka 1917. Miaka ya 1940 wananchi wengi wa Liwale, wengi wao Wangindo, walihamishwa kutoka katika ardhi yao kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na ardhi waliyoiacha ikaingizwa katika pori hilo. Mizimu yao, miembe yao na makaburi yao yakabaki ndani.

Jina la Selous likaandikwa katika ramani, lakini vinywani likabaki Shamba la Bibi. Msomaji ajiulize kwa nini. Shamba la bibi, katika mazungumzo yetu, ni mali ambayo mwenyewe hayupo au hana nguvu, hata kila apitaye huchuma. Watu waliondolewa katika ardhi, ikakabidhiwa mwenye mali aliye mbali ambaye hawakupata kumwona. Nao wakaiita kwa jina la mali isiyo na mlinzi wa kweli. Matokeo yake yalionekana baadaye. Hesabu iliyofanywa mwaka 1976 ilionyesha kwamba tembo wa Selous na maeneo ya jirani walizidi 100,000. Ujangili wa miaka ya 1980 uliwapunguza vibaya, ndipo Serikali ilipoendesha Operesheni Uhai mwaka 1989, na mwaka huo huo mataifa yakapiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe. Tembo wakaongezeka tena. Lakini wimbi la pili la ujangili likaja, na hesabu ya mwaka 2013 ikakuta tembo wapatao 13,000 tu. Bunduki ya askari ililinda kwa muda. Haikuweza kulinda daima.

Sasa tuelekee kaskazini. Mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliwekwa mwaka 1951, na wakati huo Ngorongoro ilikuwa ndani yake. Wamasai walikuwa wakichunga humo tangu zamani; hata jina lenyewe la Serengeti latokana na neno lao lenye maana ya uwanda mpana. Muda haukupita mrefu ugomvi ukazuka kati ya wafugaji na watunza hifadhi. Serikali ya kikoloni ilipopendekeza kuipunguza hifadhi, makelele makubwa yalitoka Ulaya na Marekani, na mwaka 1957 ikaundwa kamati ya uchunguzi. Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama kwa ndege. Michael alikufa katika ajali ya ndege hiyo mwezi Januari 1959, na kitabu pamoja na filamu yao vikaifanya Serengeti ijulikane duniani kote.

Kazi yao ilikuwa na manufaa, wala hatuwezi kuikana. Lakini tutazame mizani ya maoni ilivyokuwa. Msomaji wa gazeti mjini London au Frankfurt, ambaye hajaikanyaga Serengeti, sauti yake ilisikika. Mchungaji wa Moru, ambaye babu yake amezikwa pale, sauti yake ilikuwa hafifu. Mwaka 1958 wazee wa Kimasai walitia sahihi mapatano ya kuiacha Serengeti. Mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa na kuwa eneo la hifadhi ambamo watu, mifugo na wanyamapori wataishi pamoja, na wakazi wakaahidiwa kwamba haki zao zitalindwa. Ahadi hiyo tutairudia.

Mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko katika mkutano wa Arusha. Alisema kwamba wanyamapori na mapori yao ni dhamana iliyo mikononi mwetu kwa ajili ya wajukuu wetu, na kwamba kazi ya kuwatunza yahitaji wataalamu, watu waliofunzwa na fedha, hivyo mataifa mengine hayana budi kusaidia. Mwaka 1963 kilifunguliwa Chuo cha Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro, ili Waafrika wasomee kazi hiyo. Hifadhi zikaongezeka: Mikumi na Ruaha mwaka 1964, Gombe mwaka 1968, Tarangire mwaka 1970, Kilimanjaro mwaka 1973, na nyingine baada yake, hata leo zimezidi 20. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous, yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Shamba la Bibi likapata jina la Baba wa Taifa.

Jina rasmi sasa likawa hifadhi ya taifa, na ni jina zuri. Neno hifadhi limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ndio tunaoutumia tunaposema kwamba mtu amehifadhi Kurani, yaani ameiweka moyoni. Lakini taifa ni nani? Swali hili lilijadiliwa hadharani mwaka 1970, katika gazeti la Kiingereza la Dar es Salaam, vijana wa TANU walipohoji kama utalii unapatana na siasa ya Ujamaa. Upande mmoja ulisema kwamba utalii utatuletea fedha za kigeni za kujengea shule na hospitali. Upande wa pili ulisema kwamba utalii utatufanya watumishi wa matajiri, na kwamba nchi isitegemee mapenzi ya wageni, ambao wakiamua kutokuja tutabaki mikono mitupu. Majadiliano hayo yalikusanywa na Issa Shivji na kuchapishwa kitabuni mwaka 1973. Kila upande ulikuwa na ukweli. Mwaka 2020, maradhi ya UVIKO-19 yalipofunga viwanja vya ndege duniani, hoteli za kaskazini zilikaa tupu, na maneno ya upande wa pili yakakumbukwa.

Wenye kuishi mpakani mwa hifadhi wana hoja yao tofauti. Wao hawaulizi juu ya fedha za kigeni. Wanauliza juu ya mahindi yaliyoliwa na tembo usiku wa jana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Hifadhi za Taifa lilianza mpango wa Ujirani Mwema, likasaidia vijiji kujenga madarasa, zahanati na visima. Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 iliruhusu vijiji kuunda jumuiya za kutunza wanyama katika ardhi yao na kupata mapato. Kanuni za mwaka 2011 zikaweka malipo kwa aliyepatwa na madhara, nayo yana majina yanayostahili kufikiriwa: kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Hayakuitwa fidia. Fidia ni haki inayodaiwa. Kifuta machozi ni huruma inayotolewa. Mkulima aliyekesha akipiga madebe anaijua tofauti hiyo bila kufundishwa.

Katika miaka ya karibuni ushauri wa wananchi umeonekana wazi zaidi kuwa ndio kiini cha jambo. Mwezi Januari 2019 Rais John Magufuli alizuia kuondolewa kwa vijiji zaidi ya 300 vilivyosemekana kuwa ndani ya maeneo ya hifadhi, akaagiza mipaka itazamwe upya. Mwaka 2022 Serikali ilianza kuwahamishia Msomera, wilayani Handeni, wakazi wa Ngorongoro waliojiandikisha kuhama. Serikali ilieleza kwamba wakazi hao, waliokuwa wapatao 8,000 mwaka 1959, sasa wamezidi 100,000, na ardhi haiwatoshi wao, mifugo yao na wanyama. Wako waliohama wakashukuru kwa nyumba na mashamba. Wako pia waliokataa, wakaikumbusha ile ahadi ya 1959 na kusema kwamba hawakushauriwa inavyopasa. Hoja ya idadi ni nzito, na hoja ya ahadi ni nzito. Lakini jambo moja halina ubishi: neno walilopewa wazee mwaka 1959 wajukuu hawakulisahau. Atakayepanga mpango wowote juu ya ardhi ile lazima ahesabu pia kumbukumbu za watu.

Limebaki suala la kuzitembelea. Wengi wetu tumezoea kusema kwamba kutazama wanyama ni kazi ya Wazungu. Msemo huo una historia yake: kwa miaka mingi mwenyeji aliingia mbugani akiwa mpagazi, mpishi, dereva au mshitakiwa. Leo kiingilio cha raia ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni, lakini gari la kumfikisha na mahali pa kulala bado ni mzigo kwa mwalimu na mkulima. Abiria wa basi liendalo Iringa huona twiga na nyumbu barabarani Mikumi, akaangalia dakika chache dirishani, kisha akapita. Hapo ndipo vyama vya Mali Hai, vilivyoanzishwa mwaka 1980 katika shule zetu, vina kazi kubwa, pamoja na hosteli za wanafunzi zilizojengwa katika hifadhi kama Mikumi na Ziwa Manyara. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji asiyejua kilichomo nyumbani mwake atapona vipi kwa ujio wa mgeni?

Walimu wanaweza kuanza bila gharama yoyote. Wawatume wanafunzi kwa wazee wa vijiji vyao, wakaulize: pori lile mliliitaje kabla halijawekewa mipaka? Mlinzi wake mlimwitaje? Nani aliwashauri siku ya kuliweka? Majibu yaandikwe na kusomwa darasani, kisha wanafunzi wapelekwe wakalione pori lenyewe. Maofisa wa hifadhi nao wayasome majibu hayo, hata yakiwa machungu. Siku ambayo mtoto wa Liwale atasema hifadhi yetu bila kuamrishwa na mtu, ndipo jina la Shamba la Bibi litakapokufa lenyewe.